Mbio za farasi Santpoort, na mgeni rasmi wetu

Saa iliyoandikwa kwenye bango ndiyo saa farasi wa kwanza walipoachiwa. Hakukuwa na hotuba. Hakukuwa na hema la waheshimiwa wala spika ya kutuomba subira eti msafara uko njiani. Nilisimama pale Santpoort, mji mdogo karibu na Haarlem hapa Uholanzi, nikashikwa na furaha na hasira kwa pamoja.

Mbio zenyewe wanaziita kortebaan, na Santpoort wanazo tangu 1759. Barabara hufungwa, ikamwagwa mchanga, kisha farasi hushindana wawili wawili kwa mita kama 300, kila mmoja akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili na mwendeshaji wake. Lazima farasi aende telki, yaani mwendo wa haraka usiofika shoti. Akipiga shoti akaendelea nayo, ameshindwa. Wa kushinda mara mbili anasonga mbele, mwenzake anatoka. Kamari ipo, na hiyo siitetei. Ninachokitetea ni kwamba chama cha watu wa hapohapo ndicho kinachoandaa shughuli, na shughuli haimngoji mtu.

Najua mshaanza: "Huyu Ulaya imemlevya." Sikilizeni basi. Mimi ni mtoto wa Lamu. Vijana wetu wakati wa Maulidi hushindana mbio za punda bila tandiko, bila kigari, wakapita kando ya bahari umati umebana, na huenda punda huyo jana alibeba mawe ya ujenzi kutwa nzima. Kwa ustadi wa kumpanda mnyama, sijaona huku wa kumfikia kijana wa Lamu. Hilo nawaambia hata Waholanzi wenyewe.

Ndiyo maana nakereka. Kwa nini vijana hao wangojeshwe juani na wanyama wao mpaka mheshimiwa ashuke kwenye boti? Mmoja ataniambia bila mheshimiwa hakuna zawadi. Sawa, aje mwisho aikabidhi. Mwingine atasema wenzetu wana pesa. Kuanza kwa wakati kunagharimu shilingi ngapi? Na msiniambie ni heshima. Mzee aliyemfuga punda yule, akamfundisha mjukuu wake kumwendesha, anasimama nyuma ya kamba, huku viti vya mbele vikiwa vitupu, vimewekewa watu ambao hata Lamu hawajafika. Mpeni yeye kiti.