Kopo linasema bakteria bilioni, nani kawahesabu?

Mwezi uliopita nililetewa maabara unga wa probiotiki, yaani bakteria hai wanaoliwa kwa faida ya mwili, kwenye vipakiti vidogo. Kila kipakiti kimeandikwa kina bakteria hai bilioni 1. Nikaukoroga, nikauzimua hatua kwa hatua, nikaotesha kwenye agari ya MRS, chakula kilichoganda cha kuoteshea bakteria hawa, sahani nikazifungia kwenye jagi lisilo na oksijeni, nyuzi 37, saa 72. Siku ya tatu nikahesabu koloni, yaani madoa ya bakteria waliozaana: hata milioni 100 hawakufika. Ningeishia hapo, ripoti ingesema unga ni mbovu, na mwenye mali angetupa mzigo mzima.

Nikachukua kipakiti kingine, nikakikoroga vilevile, nikakipeleka kwenye saitomita, mashine ya kuhesabu seli mojamoja. Saa moja na ushee baadaye nilikuwa na jibu ambalo sahani isingenipa hata ningeisubiri wiki.

Mashine hii hupitisha bakteria kwenye mkondo mwembamba wa maji, mmoja nyuma ya mwenzake, na kila anayepita humulikwa na leza. Kabla ya hapo unawatia rangi mbili. Ya kijani, SYTO 24, huingia kwa kila mmoja, mzima na mfu. Nyekundu, propidiamu aiodaidi, huzuiwa na utando wa seli uliokamilika; ukiiona ndani, jua utando umetoboka. Kwenye skrini kila bakteria ni nukta. Siku ile nukta zilijikusanya mawingu matatu: la kijani, jembamba sana, jekundu, na katikati yao lingine nene, la waliojeruhiwa.

Jumla yao ilipita bilioni 1. Kumbe kiwandani walitiwa kama ilivyoandikwa. Waliharibikia wapi? Kwangu. Nilikoroga unga kwa maji ya chumvi yaliyotoka friji moja kwa moja. Bakteria aliyekaushwa kwa kugandishwa ana utando uliokakamaa, na maji baridi yakimvamia huvuja kabla hajajirekebisha. Nikarudia kwa maji ya vuguvugu, nikaacha robo saa. Wingu la kijani likajaa.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba kuhesabu kwa sahani peke yake ni kumwonea mzalishaji na mlaji pia. Sahani huonyesha tu wale waliokubali kuzaana juu ya agari uliyowapa. Wafu haiwaoni. Waliochoka haiwaoni. Mnyororo wa Streptococcus thermophilus wenye seli kumi huota kama koloni moja, nawe unaandika moja.

Najua hoja ya wenzangu: asiyezaana si hai. Siikubali, na mfano wangu ni yogati yenyewe. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilikubali kwamba bakteria hai wa yogati humsaidia mtu ambaye tumbo lake linasumbuliwa na sukari ya maziwa. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya alichobeba bakteria ndani yake mpaka kwenye utumbo. Anachohitaji ni kufika na utando mzima, kuzaana hakumo. Hata hivyo kiwango chenyewe, milioni 100 kwa gramu, kimeandikwa kwa koloni. Codex nayo, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, katika kiwango chake cha 2003 cha maziwa yaliyochachushwa, inadai milioni 10 kwa gramu, kwa koloni pia.

Kanuni ya kuhesabu kwa saitomita ipo tangu 2015, kiwango cha kimataifa ISO 19344, yenye taratibu tatu za rangi. Ninayoipenda ni ile ambayo bakteria mwenyewe huikata rangi kwa vimeng'enya vyake ndipo iwake: asiyefanya kazi hawaki. Tabu zipo. Mafuta na protini ya maziwa huonekana kama nukta usipoyasafisha vizuri, na minyororo isipovunjwa, kila mmoja huhesabiwa kama seli moja hapa pia. Rangi ni ghali.

Mashine si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi hospitali zetu zimehesabu CD4, seli za kinga za wanaoishi na VVU, kwa teknolojia hiihii. Zile ndogo za kliniki zimefungiwa kazi hiyo moja, lakini kubwa za maabara za utafiti zinaweza kupimia bakteria. Mwaka 2004 kule Mwanza, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza yogati yenye bakteria wa probiotiki Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, na wanaoishi na VVU walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Mgonjwa aliyehesabiwa seli zake za damu kwa uangalifu ule anastahili kopo lililohesabiwa kwa uangalifu uleule.

Ripoti zangu sasa zina namba mbili, jumla ya seli na zilizo hai, na hesabu ya koloni pembeni kwa anayeitaka. Chini yake naandika unga ulikorogwa kwa maji ya nyuzi ngapi na ukaachwa dakika ngapi.