Milimita Mbili za Juu

Ile siku bodaboda iliyobeba kitanda, godoro na mwenye godoro iliponipita barabara ya Sikonge, niliapa. Kilichoniuma si kupitwa. Yule abiria alinipungia mkono.

Hailux yangu, pikapu ya Toyota, ina injini ya 2L, dizeli, ujazo wa cc 2,446. Jumamosi nakwenda nayo Sikonge kufuata asali, maana mshahara wa ualimu mnaujua. Ikishapakia madumu kumi inatembea kama imo kwenye msafara wa mazishi. Na Tabora nzima ni tambarare kama sinia, hata mlima wa kusingizia huna.

Fundi wangu, kijana wa Ipuli, akasema dawa ipo. Ameona kwenye simu Wamarekani wanachukua injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, wanapanua silinda kidogo, wanatia krenki, ule mtaimbo wa chini unaopandisha na kushusha pistoni, ya injini ya 400, inatoka 383.

"Wewe nakutilia krenki ya 3L, kaka yake 2L, ticha. Yako pistoni inatembea milimita 92, ile inatembea 96."

Hapo alinimaliza, kwa sababu nafundisha hesabu. Kesho yake darasa la saba walipata swali la mche duara: kipenyo milimita 92, kimo 96, zidisha kwa nne, maana silinda ni nne. Jibu likaja sentimita za ujazo 2,553 hivi. Cc mia na ushee, bure! Nikawa nacheka peke yangu mbele ya ubao. Mtoto mmoja wa nyuma, mkimya, asiyesumbua mtu, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hizo milimita nne zinaongezeka juu au chini?"

"Zinaongezeka. Kaa chini."

Krenki ikaingia baada ya kusagwa hapa na pale, sikuuliza wapi. Silindahedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikafungwa. Fundi akashika puli ya mbele kwa spana, akazungusha taratibu. KO! Akarudisha nyuma, akazungusha tena. KO!

Zile milimita nne zilikuwa zimegawana, mbili chini na mbili juu. Za chini hazikuwa na neno. Lakini kwenye dizeli, pistoni ikifika juu inakaribia kulamba silindahedi. Milimita mbili hapo ni sawa na kumwongeza mama mwenye kapu la dagaa kwenye daladala ambayo kondakta mwenyewe ananing'inia mlangoni. Wamarekani wanalijua hilo, ndiyo maana wanabadilisha na pistoni, au wanatia konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki, iliyo fupi.

"Hukuiona hiyo sehemu?"

"Bando lilikata, ticha."

Akafunga gasketi mbili chini ya hedi, moja juu ya nyingine. Hedi ikainuka, mkanda wa taimingi ukakazika kama uzi wa zeze, na injini ikawaka. Nakiri ilivuta vizuri. Ilitetemeka pia, mpaka kioo cha pembeni kikawa kinanionyesha nyuso nne, zote zangu.

Tulifika Sikonge, tukapakia. Kurudi, nusu ya njia, gasketi zikaachana. Moshi mweupe, maji yote nje, kimya. Nyuma tulikuwa na lita 200 za asali, na hatukuwa na kikombe kimoja cha maji. Fundi akalitazama dumu, akaitazama rejeta. Nikamwambia asithubutu.

Halafu tukaona kwamba mtetemeko ulikuwa umelegeza vifuniko. Asali ilikuwa inatiririka kwenye bodi la nyuma, inadondoka barabarani. Nyuki wa kwanza alikuja peke yake, akakagua, akaondoka. Aliporudi alikuja na ukoo.

Tulikimbilia kwenye miombo, fundi akiwa na kiatu kimoja. Gari tulilirudia giza lilipoingia.

Jumatatu niliingia darasani jicho la kushoto limefumba, mdomo umevimba kama andazi. Yule mtoto wa nyuma akanyoosha kidole.

"Kaa chini," nikamwambia.