Tabibu akienda kusomea uongozi, zahanatini abaki nani?

Wanaotaka wafadhili walipie matabibu wa zahanati wasomee uongozi wa afya ya jamii wana ushahidi wa hapahapa Kigoma. Kati ya 1984 na 1991, vifo vya uzazi katika hospitali ya mkoa vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku alikuwa kati ya walioongoza mpango ulioleta mabadiliko hayo, na kadhaa kati ya hatua zake 22 zilikuwa uongozi mtupu: vikao vya kuchambua vifo, ratiba ya matengenezo ya vifaa, mafunzo kazini, kusikiliza malalamiko ya wananchi.

Zahanati nayo ina matatizo ambayo dawa haiyatibu. Chukua chanjo ya surua-rubella. Chupa ya dozi 10 ikishafunguliwa, muda wa saa 6 ukipita hutupwa. Wakija watoto wawili tu, muuguzi anaogopa kumwaga dozi 8, kwa hiyo mama aliyetembea saa mbili anaambiwa arudi wiki ijayo. Harudi. Tabibu aliyefundishwa atafungua rejesta na kulinganisha Penta 1 na Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo inayokinga magonjwa matano: walioanza 60, waliomaliza 48, pengo asilimia 20, wakati likizidi 10 tu ni dalili ya tatizo. Kisha atawagawanya waliopotea kwa vitongoji, awape wahudumu wa afya ngazi ya jamii majina, na apange na mtendaji wa kijiji siku ya chanjo isiyogongana na gulio. Hayo ni kazi ya uongozi, na tangu 2017/18 hata fedha za kituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti anayoisimamia yeye na kamati ya kituo.

Wanaopinga nao hawapigi porojo. Mwambao wa kusini wa wilaya ya Uvinza, kando ya Ziwa Tanganyika, zahanati yenye tabibu mmoja ikimtoa, muuguzi anabaki na wajawazito, wagonjwa wa nje na chanjo. Ziwa likichafuka, siku 5 za darasa mjini Kigoma zinakuwa 8. Halafu akirudi na cheti, halmashauri humwona anafaa makao makuu. Uhamisho unakuja, na kijiji kilichomkosa wakati akisoma hakivuni kitu.

Kwangu mimi, ufadhili huu unafaa ukianza na kile ambacho wafadhili hawapendi kulipia, yaani tabibu wa kushika nafasi. (Hana cheti cha kupigia picha.) Masomo yawe awamu 4 za siku 5 ndani ya mwaka, muuguzi wa kituo hichohicho ahudhurie angalau awamu moja ili uhamisho usiondoke na kila kitu, na fedha za mradi mdogo atakaoufanya kituoni kama sehemu ya masomo zipitie akaunti ya kituo badala ya kugeuzwa posho. Halmashauri isiyoweza kutaja nani atakaa zahanati siku hizo 20, pamoja na za safari, irudishiwe ombi lake.