Dume wa ukoo si lazima awe balaa

Taja kumpandisha dume wa ng'ombe kwa mjukuu wake mbele ya wafugaji wa Handeni au Kilindi, mkoani Tanga, utaambiwa unaharibu kundi. Ushauri unaotolewa kila mahali ni "leta damu mpya". Una msingi, ila unaweka kapu moja mambo mawili: dume aliyesahauliwa zizini hadi akapanda binti zake, na mfugaji anayekusudia kuihifadhi damu ya dume mmoja aliyethibitika.

Huyo wa pili hupiga hesabu. Dume akimpanda binti yake, ndama hubeba 75% ya damu ya dume, na kiwango cha udugu, yaani uwezekano wa ndama kurithi nakala mbili za urithi uleule kutoka kwa mzee mmoja, ni 25%. Akipandisha kaka na dada waliochangia baba tu, ndama hubeba 50% ya damu ya yule dume, kama vile amemzaa mwenyewe, na udugu ni 12.5%. Kundi la Hereford, aina ya ng'ombe wa nyama, la Miles City, Montana, liitwalo Line 1, lilianza 1934 kwa madume wawili wa baba mmoja, likafungwa. Bado lipo, na damu yake imeenea kwa Hereford wengi wa Marekani.

Kwa Tanga hoja hii ina uzito wa pekee. Joto, kupe na ndigana kali, ugonjwa wa kuua unaoenezwa na kupe, vimekwisha kuchuja ng'ombe wa hapa. Dume mwenye mwili mkubwa kutoka nyanda za baridi huleta nyama, lakini haleti ustahimilivu huo, na bila josho la kila wiki unaweza kumzika yeye pamoja na ndama wake. Hata faida ya chotara inategemea kuwa na koo mbili zilizo tofauti kweli. Ukishachanganya kila kitu, huna tena cha kuchanganya.

Sasa upande wa pili. Majike 30 na dume mmoja wanaonekana ni kundi, lakini kwa hesabu ya urithi ni sawa na wazazi wasiofika wanne: udugu hupanda karibu 13% kila kizazi. Weka madume wawili, hupanda chini ya 7%. Madume wanne, kama 3.5%. Na gharama haianzi kwenye nyama. Huanza kwenye uzazi: majike yanayoruka mwaka bila kuzaa, ndama wanaokufa kabla ya kuachishwa. Dume aliyebeba kasoro ya urithi iliyojificha, yenye kuua ndama, akipandishwa binti zake, hupoteza kwa wastani ndama mmoja kati ya wanane. Kumthibitisha kuwa safi kwa uhakika wa 95% kunahitaji ndama 23 wazima, kila mmoja kutoka kwa binti yake tofauti, bila aliyekufa kwa kasoro hiyo. Ranchi kubwa kama Mzeri ya Handeni ina majike ya kutosha kwa jaribio hilo, boma la kijijini halina.

Kwa hiyo kuzalisha ndani ya ukoo ni kazi ya mwenye hereni za kutambulisha kila ng'ombe, daftari na moyo wa kupeleka wasiofaa mnadani. Wa majike 30 abaki na aina ileile, abadilishane dume na jirani. Mimba ni miezi tisa, na mtamba, jike ambaye hajazaa, akilishwa vizuri huweza kuingia joto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Dume asizidi miaka miwili zizini, au mitamba itengwe. Wengi hukumbuka hilo, wakasahau madume wadogo wasiohasiwa, ambao wakikaribia mwaka huanza kupanda dada zao malishoni bila yeyote kuandika.