Mlo Bora kwa Kipato Kidogo: Hesabu Isiyoishia Dukani

Swali la iwapo mtu mwenye kipato kidogo anaweza kula vizuri limewagawa watu kwa muda mrefu. Wako wanaosema kwamba lishe bora ni ya wenye nacho, na kwamba anayehesabu kila senti hana budi kulijaza tumbo kwa wanga, mafuta na sukari. Wako pia wanaojibu kwamba hicho ni kisingizio, kwa kuwa maharage, kabichi na mayai havijawahi kuwa vyakula vya matajiri, na kwamba kinachopungua ni mpango na ujuzi wa jikoni. Ninaliandika hili kama mtu anayenunua chakula cha nyumba nzima akiwa na orodha mkononi, na naona kwamba pande hizi mbili zimekuwa zikibishana bila kukubaliana kwanza kuhusu kinachopimwa.

Tuanze na kipimo chenyewe. Gramu 100 za mafuta ya kupikia zina takribani kilokalori 900, sukari ya uzito huohuo ina karibu 400, na kabichi ina kama 25 tu, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kabichi ni maji. Anayegawanya bei kwa kalori atakuta mboga ni ghali kupita kiasi, ilhali anayegawanya bei kwa uzito, au kwa kiasi cha kawaida anachopakuliwa mlaji, atapata jibu lililo kinyume kabisa. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Andrea Carlson na Elizabeth Frazão, walifanya ulinganisho wa aina hiyo kwa maelfu ya vyakula. Walikuta kwamba vyakula bora vilikuwa ghali kuliko vile vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi pale tu bei ilipopimwa kwa kalori. Kwa vipimo vingine vilikuwa nafuu.

Watetezi wa mpango na nidhamu huuchukua utafiti wa namna hii kama hukumu ya mwisho, nami hapo nasita. Kwa mtu ambaye nguvu si tatizo lake, na huenda anakula kuliko mahitaji yake, kupima kwa uzito au kwa sahani kuna maana kamili. Kwa mtu anayefanya kazi ya mikono kutwa nzima, na ambaye siku za mwisho wa mwezi hana uhakika wa kushiba, kalori ndiyo kipimo cha haki, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha kusimama hadi jioni. Anayechagua mafuta na wanga katika hali hiyo amepiga hesabu yake sawasawa, na kumwita mjinga wa lishe ni kumwonea.

Hoja ya upande wa kwanza ilipata nguvu mwaka 2020, wakati Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na mashirika wenzake walipotoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wapatao bilioni 3 duniani hawakuwa na uwezo wa kugharimia mlo bora, na kwamba mlo huo uligharimu kwa wastani mara tano ya ule unaotosheleza nishati peke yake kwa vyakula vya wanga. Tofauti ya mara tano haiwezi kuzibwa kwa ushauri wa mapishi. Hata hivyo, gharama hiyo haikutapakaa sawasawa katika kapu zima, kwani sehemu kubwa ilitokana na matunda, mboga na vyakula vitokanavyo na wanyama. Hivyo si kila kundi la lishe limefungiwa mlango, na mnunuzi mwenye fedha kidogo anapaswa kujua ni wapi mlango uko wazi.

Uko wazi zaidi kwenye jamii ya kunde. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, pamoja na nyuzinyuzi nyingi, foleti, potasiamu na madini ya chuma, na yakishalowekwa na kupikwa uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kilichopimwa dukani si kidogo kama kinavyoonekana mfukoni. Ipo kasoro inayorekebishika: madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde hufyonzwa kwa shida, lakini nyanya au maji ya limau kwenye mlo huohuo husaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula hudhuru, hivyo ni heri ikasubiri. Ipo pia kasoro isiyorekebishika kwa kunde peke yake, nayo ni ukosefu wa vitamini B12, ambayo huhitaji yai, maziwa, samaki au nyama kidogo, au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo kiwandani.

Sasa tuutazame mchakato wenyewe kwa karibu. Maharage makavu humwagwa kwenye sinia, yakachambuliwa vijiwe na punje zilizooza, yakaoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale humwagwa, chungu kikajazwa mapya na kuwekwa motoni. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, kwa sababu yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo wa muda mrefu unaweza usiiharibu. Baada ya hapo bado kuna saa nzima, pengine mbili, kabla hayajalainika. Kuni, gesi au umeme wa saa hizo una bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye mfuko wa maharage. Vivyo hivyo muda wa mtu anayerudi kutoka kazini usiku akiwakuta watoto wana njaa. Ushauri wa kupika chungu kikubwa mara moja na kugandisha kilichobaki ni mzuri, ila unamhusu mwenye friji. Ndiyo sababu binafsi ningempendekezea asiye na nafasi hiyo dengu zilizoparazwa, ambazo hazihitaji kulowekwa na aghalabu huiva ndani ya nusu saa, au maharage ya kopo yaliyosuuzwa vizuri kwa maji, kwa kuwa kuyasuuza hupunguza sehemu kubwa ya chumvi yake.

Penye ugumu wa kweli ni kwenye mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 kwa siku kwa kila mtu aliyefikisha umri wa miaka 10. Nyumba yenye baba, mama na watoto watatu waliovuka umri huo inahitaji kilo 2 kila siku, yaani kilo 14 kwa wiki, ambazo mtu anapaswa kuzinunua, kuzibeba hadi nyumbani na kuzila kabla hazijaoza. Wanaosema kwamba kula vizuri ni suala la nidhamu tu sijawasikia wakiitaja hesabu hii. Kabichi, karoti na vitunguu hupunguza makali kwa kuwa hukaa muda mrefu kuliko mboga za majani, na mboga zilizogandishwa hazina upungufu wa kutisha wa virutubisho zikilinganishwa na mbichi zilizokaa siku kadhaa. Kwa matunda, njia ya mkato ni finyu zaidi. Kununua ya msimu husaidia, lakini msimu hupita.

Lipo jambo lingine ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, nalo ni kukataliwa kwa chakula. Mwaka 2016 mwanasosholojia Caitlin Daniel alichapisha utafiti kuhusu wazazi nchini Marekani, akaonyesha kwamba wenye kipato kidogo huepuka kununua vyakula ambavyo watoto wao wanaweza kuvikataa, kwa sababu sahani iliyokataliwa ni fedha iliyotupwa na bado mtoto ana njaa. Mtoto huenda akahitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Mzazi mwenye fedha huweza kumudu karoti 10 za kutupwa ili ya 11 iliwe. Mzazi asiyenazo hununua kile anachojua kitaisha sahanini. Wahubiri wa mpango wako sahihi wanapokemea upotevu wa chakula, maana makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha kwamba asilimia 60 ya chakula kilichotupwa na wauzaji, migahawa na kaya ilitoka kwenye kaya. Lakini mzazi huyu hana haja ya kukumbushwa hilo. Woga wa kupoteza ndio uliomfanya aipite karoti.

Kwa hiyo kwenye protini nasimama na wale wanaosema inawezekana, almuradi wahesabu pia moto na muda. Kwenye mboga na matunda nasimama na wale wanaosema kipato ni kizuizi cha kweli. Na kwa kuwa kizuizi kimojawapo ni gharama ya kumzoesha mtoto ladha, mahali pafaapo pa kuibeba gharama hiyo ni mlo wa shuleni, ambako mtoto anaweza kuionja karoti leo, akaikataa, akaikuta tena wiki ijayo, bila mama yake kupoteza chochote kutoka kwenye fedha za chakula cha jioni.