Mjomba, ya Paa au ya Wazi?

Jamani, mtu hujateremka kitandani, ndoo za maji bado tupu, simu inalia. Simu ya kabla ya jua ama ni msiba ama kuna mtu anataka kukopa. Nikapokea kwa sauti ya kupokea tanzia kabisa.

"Mjomba, shikamoo. Hivi nichukue ya paa au ya wazi?"

Ndiye huyo mpwa wangu aliyerudi kutoka Maskati. Karudi na visenti, na visenti vinamuwasha. Anataka gari ya spoti, milango miwili, wala hataki kusikia habari ya Noah. Zimebaki mbili roho inamdunda: Toyota Celica yenye paa lake gumu, na Mazda Roadster, ile ya turubai, unakunja paa unaendesha kichwa wazi. Ati ananiuliza mimi kwa kuwa ni mtu mzima, nina busara. Mimi chombo changu ni Vespa, na Vespa yenyewe huwaka siku ikipenda. Lakini mtu akishakwambia una busara utamjibu nini? Nikakohoa, nikasema, "Njoo nayo hiyo ya wazi tuione."

Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yangu ya viua, ile iliyoshonwa kwa mkono, ya harusini na Idi tu. Shauri la gari ni shauri, haliamuliwi na mtu kavaa msuli.

Sasa kuingia. Gari iko chini hiyo, huingii, unateremka, mfano wa mtu anayeshuka kisimani. Mguu mmoja ndani, kanzu nje, goti limegoma, na watoto wa mtaa wote wameshajipanga ukutani. Mpwa hana habari, anasoma sifa tu. Roadster ya kwanza ilionyeshwa Chicago mwaka 1989. Ni nyepesi, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Taa zake hulala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka. Kila kitu anacho kichwani. Muulize mdogo wake yuko darasa la ngapi, hajui.

Halafu hilo paa. Kioo cha nyuma si kioo, ni plastiki, imeshapiga manjano kwa jua; ukitazama nyuma huoni, unakisia. Kabla hujalikunja ufungue zipu kwanza, maana ukisahau plastiki inapasuka. Gari ya mamilioni, nayo ina zipu.

Tukatoka Fuoni, hapa Unguja, kushika njia ya mjini. Mnajua matuta yetu. Gari ya tumbo chini kama ile haivuki tuta uso kwa uso, inalivuka ubavu, pole pole, huku dereva anauma meno. Na gari ikenda pole pole bila paa, bwana, hakuna pa kujificha. Kwenye gari ya vioo unaweza kujifanya hukuona. Unatazama mbele, unapokea simu isiyolia. Kwenye ya wazi kila baraza ni mahakama. Tuta la kwanza tukaulizwa hali zetu. La pili tukaulizwa hali za nyumbani mmoja mmoja, mpaka goti la mama mkwe. La tatu mzee mmoja akaweka mkono juu ya mlango, akatembea na sisi huku anauliza gari ya nani, imelipiwa ushuru, na huyu kijana kaoa? Hajaoa. Basi pale pale akaanza kumtajia watu.

Kufika Kwerekwe, foleni. Tumesimama, jua linatushukia utosini, viti vyeusi vinachoma kanzu. Akaja bi mkubwa mmoja, simjui, hanijui, na pakacha la muhogo.

"Wanangu, mnateremka mjini?"

"Tunateremka, bi mkubwa, lakini viti ni viwili tu, kama unavyoona."

"Mie sitaki kiti. Nataka muhogo wangu ufike Darajani. Mwanangu yupo pale, atakuoneni, gari yenyewe haijifichi."

Na pakacha lishatua mapajani mwangu. Kwa juu! Gari ingekuwa na paa angalau angegonga kioo, nami ningepata nafasi ya kutafuta uongo. Udongo wa muhogo wa asubuhi hiyo, mbichi, juu ya kanzu nyeupe. Nikasema, "Hakuna tabu, mama." Ungesema nini wewe?

Tukavuka Kwerekwe, barabara ikafunguka kidogo. Mpwa akaniambia, "Mjomba, sasa ndiyo utaona raha yake." Akakanyaga. Raha yake ni kwamba kofia yangu ya viua iliniaga bila salamu. Mikono yangu yote miwili imekumbatia muhogo wa watu, sina wa kushikia kofia. Nikageuka naiona inabingirika katikati ya barabara, daladala inakuja nayo. Mpwa anafunga breki, nyuma wanapiga honi, mimi napiga kelele, "Kofia! Kofia!" na kila aliye barabarani anadhani tumegonga mtu. Kijana mmoja akaiokota, akaipangusa vizuri, akaja nayo mpaka mlangoni. Nikanyosha mkono. Akairudisha nyuma ya mgongo. "Mzee, ya soda." Kofia yangu mwenyewe! Nikamlipa, nami bado namwambia ahsante mwanangu.

Hapo hapo vuli likamwaga. Si manyunyu, mvua. Maskani nzima ikatoka kusaidia, na kila mmoja ni fundi. Huyu anasema vuta, huyu anasema kwanza lachi za mbele, huyu alikuwa na shemeji yake Dubai alikuwa nayo hiyo hiyo. Paa likaja juu, zipu ikagoma kati. Wanne wanavuta zipu, mimi nimekaa ndani nimelowa, muhogo wangu mapajani, naulizwa na mtu aliyeshika mwamvuli kama hii inauzwa. Zipu ilipofunga mvua ikaanuka. Kumbe nyuma ya viti kuna vijitundu vya kutolea maji, navyo vimeziba majani, basi yaliyokuwa yatoke nje yakaja miguuni kwetu. Kunguru akatumalizia Michenzani. Kile kilichodondoka sikitaji.

Ya paa tuliitazama jioni. Hiyo haina hadithi. Ndani unapata kivuli na kiyoyozi. Viti vya nyuma ni vya mtoto asiye na miguu, na milango mirefu mno. Ukiifungua Darajani umeshapiga baiskeli ya mtu. Lakini mlango wa nyuma unafunguka juu, pakacha lingelala kule na mimi ningekaa huku na heshima yangu.

Na mpwa mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba gari ikitolewa paa bodi linalegea, kwa hiyo hupachikwa vyuma vya ziada chini lisipinde. Yaani wamekutolea chuma kilichokuwa kikukinge jua, wakakuwekea kingine chini usikione, na wewe unalipa! Nikamwambia, mwanangu, kisiwa chenyewe Kizimkazi mpaka Nungwi kama kilomita 85, ukikanyaga sawasawa umeingia baharini. Kama lazima ununue wazimu, nunua wenye paa.

Akaniambia, "Mjomba, ya wazi nishaitolea arbuni tokea juzi."

Juzi! Sasa alfajiri ile alikuwa ananiuliza nini? Kanzu imeingia rangi ya udongo, kofia imepoteza umbo, mtu wa Darajani kanilaumu muhogo umelowa, kumbe nilikuwa nachukuliwa matembezi.

Na mama yake, dada yangu, jiko lake linavuja tokea masika. Nilipomtajia mpwa akasema atatoa hela ya mabati, nami nikasema basi leo leo, kabla hajaona rimu za kununua. Duka la kwanza wameandika geji 28, ukilishika kwa vidole linajikunja lenyewe, hilo geji 30, jembamba zaidi, na bado nakuwa mpole. La pili bei imepanda wakati tupo tunahesabu. Tukanunua hivyo hivyo. Yamefika, yameegemezwa ukutani, yamebaki kupigwa. Fundi nilimpa nusu ya hela mkononi, kesho yake haonekani. Nimempigia, ati kavuka Pemba kuchuma karafuu, yupo Wete, mtandao mbovu, hanisikii. Mimi namsikia vizuri sana, na kondakta wa daladala ya hapa hapa Unguja nyuma yake namsikia pia, anaita, "Bububu! Bububu! Wawili tunaondoka!"