Mmekuja Kuoa au Mmekuja Kuchajiwa?

Wale mnaonitumia stika za ng'ombe tangu gari langu ligome kuwaka posani Kondoa, pumzikeni kidogo. Gari halikuvutwa na ng'ombe. Lilisukumwa na watu. Kati ya hao watu alikuwamo bibi harusi mtarajiwa, hilo sibishi, picha mnayo.

Anayesambaza hiyo hadithi ya ng'ombe ni swahiba wangu. Alikaa kiti cha mbele kushoto safari nzima, na kuna kipande amekiruka makusudi. Tutafika.

Mkonga wangu, Land Cruiser la dizeli, mnaujua. Mbele kuna betri ya kuwashia, saizi ya N70. Nyuma kuna mbili za ziada, ampea-saa 100 kila moja, zimenunuliwa pamoja, maana ukiunganisha nzee na mpya, nzee inainyonya mpya usiku kucha. Waya wa chanya ni wa milimita za mraba 35, una fyuzi ya ampea 150 kila ncha, kwa sababu una betri pande zote mbili, na ukichubuka ukagusa bodi, kila upande utaleta moto wake. Chanya nimeitoa betri ya kwanza, hasi betri ya pili, ili zichajiwe na kuliwa sawasawa. Katikati ipo rilei ya kutenganisha, swichi inayojiendesha yenyewe: altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ikifikisha volti 13.3 inaunganisha, zikishuka hadi 12.8 inaachia. Yaani nyuma kuliwe kutakavyo, betri ya kuwashia haiguswi. Haya yote niliwaeleza wazee wa Kondoa nikiwa na paja la kuku mkononi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tulikwenda kumposea mpwa wangu. Tumefika, umeme hakuna. Ndipo nikatamka lile neno ambalo sasa naitwa nalo: "Msihangaike, mimi nina betri tatu."

Nikawasha inveta ya wati 1500, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Ikaja spika ya kaswida. Ikaja friji ya soda. Zikaja simu, simu za mtaa mzima. Halafu shangazi mmoja akatokea na pasi na kanzu begani. Pasi ya wati 1000, jamani! Gawanya kwa 12, ongeza kinachopotelea kwenye inveta, unapita ampea 90. Na ile 100 iliyoandikwa kwenye betri imepimwa kwa kunyonywa taratibu, ampea 5 kwa saa 20. Ukiikamua kwa fujo haikupi hata robo tatu yake. Nilijua. Nikanyamaza, maana kanzu ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye binti. Na hata zikiisha, si rilei ipo?

(Mnaocheka mapema, subirini.)

Alasiri mambo yakaisha salama, tarehe ikapangwa, tukaagwa. Wenyeji wakajipanga barazani. Mzee akanyanyua mikono kutuombea dua ya safari. Kimya, hata kuku walitulia. Mara nyuma ya gari: piiii.

Betri zimeshuka hadi volti 10.5, inveta inaomba msaada. Piiii. Mzee akafumbua jicho moja. Nikaitikia "Amin!" kwa nguvu, mahali pasipo na amin, ili niufunike ule mlio. Piiii. "Amin!" Mtoto mmoja akaudaka mchezo: kila piii, amin. Dua ikafupishwa. Nikaingia garini kwa madaha, nikazungusha swichi.

Tik.

Ingekuwa stata inazunguka kwa uchovu, ningepata la kusingizia, labda baridi, labda dizeli chafu. Hii ilikuwa tik moja kavu, taa za deshibodi zikafifia hadi zikapotea. Nikawapungia mkono. Wakanipungia. Tik. Nikapunga tena. Wakapunga, safari hii taratibu. Mshenga akaninong'oneza, "Mjomba, tunaondoka au tunalala?" Tik. Mzee akashuka barazani, kanzu imenyooka, imenyooshwa kwa umeme wangu mwenyewe, akainama dirishani, akauliza kwa upole kabisa: "Mmekuja kuoa au mmekuja kuchajiwa?"

Wakasukuma. Nilijua ni vigumu liwake, lakini watu wameshakunja mikono ya kanzu, ningewaambiaje? Mkonga mtupu unapita tani mbili, pale ni mchanga, na washenga wangu waligoma kushuka wakisema wao ni wageni. Gia ya pili, naachia klachi, magurudumu yanaburuza. Hata wangesukuma hadi Kolo, ni bahati nasibu: pampu ya dizeli ina vali inayofunguliwa kwa umeme, na plagi za kupasha injini nazo zinataka umeme huohuo. Nikatazama kwenye kioo. Anayehesabu "moja, mbili, tatu" ni bibi harusi, kanga kiunoni.

Nikatoa mita. Mbele 10.6. Nyuma 10.6. Ya tatu 10.6. Gari limezimwa tangu asubuhi na namba zinafanana hivyo? Rilei haijatenganisha. Nikachomoa waya wake mwembamba, bado umeme unapita. Vidole vyake vya ndani vimeungana kwa joto, vimekuwa chuma kimoja.

Sasa kile kipande. Kwenye deshibodi kuna kitufe cha dharura cha kuunganisha betri zote. Unakibonyeza, unasubiri dakika kadhaa za nyuma ziilishe ya mbele, unakiachia, ndipo unawasha. Hupigi stata huku umekishikilia! Stata ya dizeli ya lita 4.2 inavuta mamia ya ampea, rilei ni ya 140. Asubuhi pale Haneti nilishuka kununua maji, swahiba akabaki na ufunguo akiwaonyesha vijana "teknolojia". Kitufe na stata kwa pamoja. Nilisikia gari likiwaka kwa kishindo kizuri, nikajisifu moyoni.

Likapita Fuso la magunia ya alizeti. Fuso ni volti 24, kwa hiyo unachukua kwenye betri yake moja tu, ile ambayo hasi yake inakwenda kwenye bodi. Kwanza nikafungua waya wa nyuma kwa spana 13, la sivyo zile mbili zenye njaa zingekunywa kabla ya stata. Likawaka. Tukatozwa faini ya mbuzi mmoja, si ng'ombe wawili. Tukaondoka bila muziki.

Rilei nimebadilisha, kitufe nimeking'oa. Wenye mfumo kama huu, pimeni hivi: zima injini, washa kitu cha nyuma, sikiliza. Volti zikishuka chini ya 12.8 lazima isikike tak ya kuachia. Kimya? Pima mbele na nyuma. Zikiteremka pamoja, fungua waya wa nyuma kabla hujaalikwa popote.

Na mnaoniambia nihamie litiamu: litiamu inakubali kila ampea inayopewa, altaneta ndogo itafanya kazi hadi iungue, kwa hiyo inahitaji chaja yake maalumu katikati ya kuipimia. Nilikwenda kuulizia bei ya chaja hiyo, ya ampea 40. Muuzaji akanitazama, akamwita mwenzake toka stoo: "Njoo uone, si ndiye huyu?"